Matonge Sita ya Wivine

Ukitaka kumwona Wivine amekaa, basi umfunge kamba. Hivyo ndivyo walivyosema majirani zake wa mtaa wa Kenya, mjini Élisabethville, mwaka ule wa 1954. Alfajiri yuko bombani kuchota maji. Jua likichomoza yuko kwenye kinu, anatwanga. Kisha anashika njia ya shamba lake ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mchana anapika munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi, na kukiuza mlangoni. Jioni anasonga bukari, ndiyo ugali wa huko, ya watu saba.

Tena alikuwa mfupi. Mita moja na nusu hakufika. Na alikuwa na kilo sabini. Mumewe, Floribert, alipakia makaa ya mawe kwenye treni, naye aliufurahia unene huo. Mke mnene, watu husema mume wake anamlisha vizuri.

Lakini magoti ya Wivine hayakufurahi hata kidogo.

Sasa sikiliza shida yake. Wanawake waliotoka Kabalo, kule kaskazini, walikuwa na chama chao. Kila sikukuu kubwa walicheza mbele ya kanisa. Kiongozi wa ngoma alibeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika. Mara tatu alishuka mpaka magoti yaguse chini. Mara tatu aliinuka, peke yake. Kiongozi huyo alikuwa Wivine, mwaka wa sita sasa.

Siku ya Pasaka alishuka mara ya kwanza, akainuka. Alishuka mara ya pili, magoti yakagoma. Wenzake wawili wakamshika kwapani wakamwinua. Watu wakampigia makofi ya huruma. Makofi ya namna hiyo yanauma kuliko matusi.

Mama Edith, mkubwa wa chama, alimfuata nyumbani kesho yake.

"Mama Faustin," alisema, maana mtoto wa kwanza wa Wivine aliitwa Faustin, "shiye hatukufukuze. Lakini mu Agosti, siku ya Assomption, sikukuu ya Bikira Maria, tunataka muntu wa kushuka na kupanda mara tatu. Kama wewe haiwezekane, tutamupatia Delphine ile fasi."

"Nimesikia, mama," alijibu Wivine.

Angeweza kukubali, yakaisha. Lakini wiki ile ile barua ilifika kutoka Kabalo. Wivine aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Ilitoka kwa mama yake mzazi, Mwansa, aliyemwomba katekista amwandikie: "Nitakuya na treni mbele ya Assomption. Zamani miye njo nilikuwa mbele ya ngoma. Sasa ninataka kukuona weye, na macho yangu, mbele ya kufa."

Wivine aliikunja barua. Mama yake hajawahi kupanda treni. Mama yake anakuja siku mbili njiani ili amwone akicheza. Naye amwone akiinuliwa kwapani?

"Nitapunguza mwili," alisema kwa sauti. Kuku tu ndio waliomsikia.

Alianza na Delphine huyo huyo, jirani yake. Delphine alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anainama. Naye alitaka kupungua kidogo. Kwa desturi wanawake hawa walikula pamoja, sahani moja, mikono ikipishana. Wakapatana: bukari ipunguzwe, tena kila mtu ale nusu sawa.

Wiki tatu zikapita. Delphine akafunga kitenge chake kwa raha. Wivine akafunga chake vilevile kama zamani.

"Tunakula sawasawa," alilalamika Wivine. "Kazi, miye njo ninafanya mingi kukupita. Juu ya nini weye unapunguka, miye hapana?"

"Labda weye uko na mifupa ya chuma," alisema Delphine, na wote wawili wakacheka.

Lakini usiku Wivine hakucheka. Akaamua kufunga kabisa. Asubuhi chai bila sukari. Mchana chai. Jioni matonge mawili ya bukari ili mumewe asimuulize. Siku ya kwanza alijisifu. Siku ya tatu aliwapigia watoto kelele bila sababu. Siku ya sita, kwenye mazoezi ya ngoma, alibeba mtungi, akapiga hatua nne, na dunia ikageuka giza. Mtungi ulipasuka. Naye alianguka katikati ya vigae na maji.

Alipofumbua macho alimwona Marie-Thérèse Ngosa amepiga magoti kando yake. Marie-Thérèse alifanya kazi kwenye maternité, alizalisha wanawake na kupima watoto. Alikuwa mwanamke asiyependa kuzungusha maneno.

"Leo umekula nini?" aliuliza.

"Chai."

"Na jana?"

"Chai."

"Bon. Hauko mugonjwa. Uko na njaa. Delphine, umuletee uji, na sukari ndani. Kesho asubuhi atakuya kuniona."

Asubuhi Wivine alikwenda. Marie-Thérèse alimpimisha kwenye mizani ya watu wakubwa, akampima na urefu. Akamuuliza kama ana mimba, au kama ananyonyesha. Wivine akasema hapana.

"Ingekuwa ndiyo, ningekukataza kabisa kupunguza chakula," alisema Marie-Thérèse. "Ikaa. Unajua kalori ni nini?"

"Nimesikia bazungu banasema. Sijue."

"Unatumia mbabula, jiko ya makala, kwa kupika?"

"Kila siku."

"Unatia makala, makala inatoa moto. Kalori njo kipimo cha moto yenye iko ndani ya chakula. Mwili inaunguza ile moto kwa kutwanga, kutembea, hata kupumua. Chakula ikipita kazi, mwili inaweka akiba. Njo mafuta ya mwili. Sasa niambie. Mbabula kubwa na mbabula kidogo, zote mbili zinawaka sana. Zinakula makala sawasawa?"

Wivine alifikiri. "Hapana. Ile kubwa inakula mingi."

"Delphine ni mbabula kubwa. Weye ni kidogo. Hata ukifanya kazi kumupita, mwili yako ni mufupi, haiombe makala kama yake. Ile nusu ya sahani yenye ilimupunguza yeye, kwako ilitosha kabisa. Njo ulibakia palepale."

Wiki tatu za kunyimana bukari, kumbe kosa lilikuwa hapo. Wivine akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa niambie kiasi yangu," alisema.

Marie-Thérèse alichukua kalamu. "Bwana yako anapakia makaa. Yeye anaomba kalori elfu tatu na mia tano, na kupita. Weye, kwa kubakia na hizi kilo zako, unaomba karibu elfu mbili na mia mbili. Kwa kupunguka kidogo kidogo, toa mia tano. Inabakia elfu moja na mia saba. Mwanamuke mufupi wa kazi mingi kama weye akae kati ya elfu moja na mia tano na elfu moja na mia nane. Chini ya elfu moja na mia mbili, hata siku moja. Kule njo ulianguka."

"Lakini miye ninakula mara mbili tu kwa siku."

"Ehe. Tuhesabu. Munkoyo unauza, hauonjake?"

"Ninaonja. Lazima nijue kama iko tamu."

"Kopo ngapi?"

Wivine alitazama dari. "Tatu. Ine, kama jua iko kali."

"Kopo moja, kalori mia moja na makumi tano. Makopo ine ni mia sita. Na bukari yenye batoto banaacha mu sahani?"

"Sitaki kuitupa, ni zambi."

"Karanga za kuuma-uma njia ya shamba? Mawese mu sombe, ile majani ya muhogo, unapima, ao unamwanga tu?"

Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hilo Wivine alikuwa amelimaliza mwenyewe, kila siku, huku akiapa kwamba anakula mara mbili.

"Hapa kuna shida," alisema Wivine. "Shiye tunakula sahani moja. Nikijitengea sahani yangu, bantu watasema niko na kiburi. Ao na uchawi. Nitajuaje kiasi?"

Marie-Thérèse alitabasamu mara ya kwanza. Alifumba ngumi kidogo. "Tonge. Fanya tonge kama yayi ya kuku. Moja ni kalori makumi sita hivi. Kula na benzako, sahani moja, lakini hesabu. Matonge sita mchana, sita mangaribi. Sombe na mboga, kula mingi, lakini mawese kijiko kimoja tu kwa chakula, maana kijiko kimoja ni mia na makumi mbili. Samaki ao kunde kila siku, usiache, zinalinda nyama ya mwili. Asubuhi uji kopo moja na karanga mukono moja. Saa ya njaa, papai. Munkoyo, onja na kijiko. Na kila wiki ukuye kwa mizani. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Ukipunguka mbio kupita pale, nitakuongezea chakula."

Wivine alirudi nyumbani karibu anakimbia. Alikuwa na hamu ya kula ili ahesabu.

Jioni hiyo Floribert aliona. "Juu ya nini unaacha mapema? Bukari iko mubaya?"

Akaelezwa. Akamsukumia bakuli la maji ya kunawa, anawe tena.

"Mama yako anakuya," alisema. "Akuone umekonda, atasema Floribert anakula peke yake. Bukwe yangu itaniona muntu bure. Hapana, Mama Faustin. Kula."

Wivine hakupigana naye. Alimshika mkono. "Baba Faustin, sikondi kwa njaa. Ninakula mara tatu sasa, zamani nilikuwa nakula mara mbili. Unihesabie weye mwenyewe. Nikianguka tena mara moja, nitaacha."

Floribert hakuridhika. Lakini alianza kuhesabu. Na mwanamume akianza kuhesabu, hawezi kuacha. Baada ya wiki mbili alikuwa akiita toka kwenye sahani ya wanaume, "Hiyo ni ya tano, ile ya mbele ilikuwa kubwa, ilipita yayi." Wageni walishangaa nyumba hii ina nini.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka nusu kilo. Ya pili, nusu kilo. Ya tatu haikushuka hata kidogo, na Wivine alitaka kurudia chai yake. "Mwili si treni, haina saa," Marie-Thérèse alimwambia. "Endelea." Wiki ya nne mizani ikashuka kilo nzima. Wivine alitoka pale akaenda moja kwa moja kumwambia Mama Edith, na Delphine, na muuza samaki asiyemjua.

Mazoezi nayo aliyafuata pole pole. Kwanza alikaa na kuinuka kwenye kiti. Kisha kwenye kigoda kifupi. Kisha chini, akishika ukuta. Mwezi wa Julai aliachia ukuta. Asubuhi alikwenda shamba mbio na hakuhema.

Siku tatu kabla ya sikukuu, treni ya Kabalo iliingia stesheni. Wivine alikuwa na kilo sitini na nne. Floribert alisimama mbali, kofia mkononi, kwa heshima ya mama mkwe. Mama Mwansa alishuka, akamkumbatia binti yake, kisha akamshika mabega na kumtazama kutoka juu hadi chini.

"Umepunguka," alisema. "Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Utaona."

Mama Mwansa akatupa jicho kule alikosimama mkwe wake. Floribert akaangalia viatu vyake.

Siku ya Assomption uwanja wa kanisa ulijaa mpaka barabarani. Ngoma zililia. Wivine aliingia mbele, mtungi umejaa, mikono imeachwa wazi. Alishuka. Magoti yakagusa vumbi. Akainuka. Watu wakaanza kuitika. Alishuka tena, pale pale Pasaka ilipomwaibisha. Mama Edith alishika shavu. Delphine alisogea karibu, tayari kumshika kwapani.

Wivine akamtikisia kidole: kaa huko. Akainuka.

Mara ya tatu alishuka taratibu, kwa makusudi, akakaa chini muda mrefu hadi wapiga ngoma wakatazamana. Jasho lilimtiririka. Halafu akapanda, laini, bila tone moja la maji kumwagika, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Delphine alipiga vyake kwa nguvu kuliko wote.

Mama Mwansa alipita katikati ya watu, akitembea haraka kuliko umri wake. Alifuta uso wa binti yake kwa kitenge. Floribert alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Lakini mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Hiyo ndiyo desturi. Basi alimgeukia Wivine, akapaza sauti hadi watu wa nyuma wasikie.

"Wivine, uambie bwana yako, miye mama yako ninamushukuru. Uambie, mutoto wangu iko na nguvu. Uambie, nimeona kwamba anakulisha vizuri."

Wivine hakuhitaji kupeleka ujumbe. Floribert alikuwa amevaa kofia yake na kuishusha mpaka puani, ili watu wasimwone analia.