Sifuri Kumi na Mbili

Sato wa Mzee Nsajigwa wa Ibighi walikuwa wanapungua bwawani, na hakuna hata mmoja aliyekutwa amekufa. Kwake huo ulikuwa wizi, akapiga simu kituoni.

Inspekta Najat alifika asubuhi, buti zimejaa tope. Wenzake walikuwa wamemtania kwa kupewa jalada la samaki, lakini binti huyo wa muuza vitenge wa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, hakuwa mtu wa kudharau kilio cha mtu. Mzee alikuwa ametoka kuugua kiharusi. Alimwonyesha bwawa kwa mkono mmoja, wa pili ukining'inia, na alipowaita samaki "wanangu", Najat alimwonea huruma.

Eneo la tukio halikuwa na alama ya wavu wala nyayo za mgeni. Uzio ulikuwa mzima.

Akaomba daftari. Tangu ugonjwa wa virusi uingie kwenye mabwawa ya wilaya, Nelson, afisa uvuvi, alikuwa amemgawia kila mfugaji daftari la kuandika samaki waliokufa kila asubuhi, ili vifo vikianza wapimwe upesi na maji yafungwe yasiwateremkie wengine. Hapa aliyeandika ni Tupokigwe, mke wa mzee. Siku kumi na mbili, sifuri kumi na mbili.

Najat alimpigia Nelson kumwuliza kama hilo linawezekana. Nelson akaguna. Bwawa la samaki elfu moja, alisema, hata likiwa na afya njema halikosi kufiwa na wawili watatu kwa wiki.

Basi Najat akazunguka nyuma ya jiko. Chini ya migomba udongo ulikuwa umetifuliwa na kunyunyiziwa jivu. Akafukua kwa kijiti. Walikuwa sato, macho yamevimba, kila mmoja amefungwa kwenye jani lake la mgomba. Alipoinua kichwa, Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu.

"Mama, umewazika wewe?"

"Mimi, afande."

"Saa ngapi?"

"Kukipambazuka. Kabla hajaamka."

"Kwa nini?"

"Bwawa hili alilichimba mwaka tuliomzika binti yetu, Veronika. Alikuwa hasemi na mtu. Samaki ndio waliomrudisha. Sasa daktari anasema asishtuliwe. Ningemwambiaje kwamba nao wanakufa?"

Najat akafunga daftari. Alimwelewa mama huyu kabisa, na ndiyo maana ilimuuma kumweleza kwamba bondeni kuna mabwawa saba yanayopokea maji hayo hayo, na kila moja lina mwenyewe.

"Mwizi nilimjua," sauti ikasema nyuma yao.

Mzee Nsajigwa alikuwa ameegemea ukuta.

"Nilimwona anatoka na ndoo kila alfajiri. Nikadhani amenichoka, anawauza kidogo kidogo ajiandae kuondoka. Niliogopa kumwuliza. Nikaona bora aulizwe na askari, mimi nisikie." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kumbe wanaoondoka ni samaki tu."

Alikwenda mwenyewe hadi kwenye mfereji wa kutolea maji, akashindilia ubao wa kuuziba kwa mkono wake mzima. Tupokigwe akamfuata, akaweka wake juu ya wa mumewe, wakasukuma pamoja mpaka maji yakakatika. Najat alikuwa ameshampigia Nelson aje kuchukua sampuli.

"Leo wangapi?" mzee akauliza.

"Kumi na wanne."

"Andika kumi na wanne, mama Veronika. Halafu nipe jembe, wa leo tuwazike pamoja, mimi na wewe."