Chupa Yenye Tone Jeupe

"Hilo unaliita tone? Jirani, hilo ni beseni zima," mama alisema, huku akiliinua pindo la gauni la zambarau ili walio juu na walio chini wote walione. "Gauni la mteja. La harusi. Nimelitundika nje lipigwe upepo kidogo tu, narudi nakuta limekuwa kuku wa madoadoa."

"Sasa mimi nimefanyaje? Mimi ndiye niliyeshika brashi?" Jirani wa juu alikuwa ameegemea ukingo wa baraza, nusu ya mwili ikining'inia nje. Jengo zima lilimwita Redio, kwa sababu habari zote zilipita kwake kwanza, na hazikutoka kama zilivyoingia. "Mimi nimeajiri mtu wa kupaka rangi. Nenda ukagombane na mpaka rangi."

"Nani kamleta? Nani anampa chai? Basi tone ni lako."

Ua ulikuwa umejaa watu. Wenye ndoo walikuwa wameziweka chini, wenye haraka walikuwa wameisahau. Binti wa mama huyo, fundi wa kushona, aliwakuta hapo akitoka kazini, blauzi nyeupe ya dukani, sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa kwa sababu mama yake ndiye aliyeishona, viatu vya kisigino mkononi. Aliuliza kuna nini, akajibiwa na watu watano kwa pamoja, asielewe hata mmoja.

Ndipo kijana mmoja aliposhuka kwenye ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ovaroli yake zamani ilikuwa ya buluu. Sasa ilikuwa na rangi za sebule zote za mji, na hata kope zake za jicho la kushoto zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo mama," alisema. "Tone ni langu."

Katika jengo lile hakuna aliyewahi kukiri jambo upesi namna hiyo, na ugomvi ulikosa pa kushika.

"Naomba hilo gauni," kijana aliendelea. "Rangi bado mbichi. Nikipata maji na sabuni sasa hivi, nitaitoa."

Mama alimpa kwa ncha za vidole, kama mtu anayempa mwizi funguo za nyumba. Binti ndiye aliyetumwa kusimamia. Kijana alichuchumaa penye bomba, yeye akimmiminia maji.

"Unasugua kama unaogesha mtoto mchanga," binti alisema.

"Namwogopa mama yake."

"Mwenye gauni hayupo hapa. Wa kuogopwa ni huyo aliyesimama nyuma yako."

"Huyo ndiye ninayemsema. Ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Basi mimi nimekwisha," kijana alisema, akainua macho kumtazama vizuri, na maji yakamwagika pembeni ya beseni kwa sababu aliyekuwa akimimina naye alikuwa anatazama.

Rangi ilitoka yote isipokuwa nukta moja. Mama aliishonea ua la hariri juu yake, na mwenye gauni alilipenda ua lile hata akaagiza mengine ya kiunoni. Lakini mama hakusamehe. Kuanzia siku ile alimwita kijana Bwana Matone, na Redio hakusalimiwa tena ngazini. Ukimtaja mpaka rangi mezani kwake, mashine ya kushona ilianza kupiga kelele hata kama hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Mapenzi ya kijana na binti yakaendeshwa kwa simu.

"Kizibo wangu, umekula?" Kijana alimwita binti Kizibo kwa sababu ya kazi yake ya kuuza divai, na kwa sababu, alisema, ukishafanikiwa kumfungua hanyamazi.

"Nimekula. Na wewe umeshuka ngazini?"

"Nimeshuka. Natamani nije nikuone."

"Usithubutu kuja nyumbani. Mama atakumwagia maji ya kupigia pasi."

"Ya moto au ya baridi?"

"Acha utani wewe."

Binti alifanya kazi katika duka la vinywaji katikati ya mji, lenye mlango wa kioo na rafu zinazofika darini. Bosi wake, mwanamume mnene mwenye suspenda za kushikilia suruali, alikuwa amekataza wapenzi dukani kama alivyokataza sigara. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na mchezo wao. Kijana akipita, anakuwa mteja asiyemjua mtu. "Dada, samahani, maji ya kunywa yako wapi?" Naye anajibu, "Upande wa kushoto, kaka," uso mkavu. Bosi hakugundua, au walidhani hakugundua.

Mchezo huo ndio uliokuja kuwatia matatani.

Redio alikuwa amemnyaka binti ngazini asubuhi moja. "Shoga, mimi simo, lakini sikia. Yule fundi wangu wa rangi sasa anapaka nyumba ya mama mmoja mjane kule mlimani. Mama ana binti, mrefu, hajaolewa. Chai wanampelekea kwenye sinia. Kwenye sinia, shoga." Binti alicheka, akasema chai ni chai. Lakini lile sinia lilikaa naye kutwa. Na kweli, siku zile simu za kijana zilikuwa fupi, zenye haraka, kama za mtu anayeficha kitu mfukoni.

Ijumaa mchana, duka likiwa limefurika watu wanaonunua vya mwisho wa wiki, kijana akaingia. Hakuvaa ovaroli. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya kijivu, na kucha zake tu ndizo zilizomsaliti. Bosi alikuwa amesimama hapo hapo kaunta.

"Dada, habari za kazi. Natafuta chupa nzuri ya divai ya porto," alisema.

"Ya kunywa mwenyewe au zawadi?"

"Zawadi. Kuna mama mmoja nataka anipende. Ana binti. Binti hana shida, shida ni mama." Akamkonyeza, jicho moja, haraka. Binti aliyasikia maneno, hakuliona konyezo, maana alikuwa ameinamia kaunta akitafuta kitambaa cha kufutia chupa ambacho kilikuwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo ni mama mkwe," alisema polepole.

"Mungu akijalia. Kesho nakwenda kujieleza. Yeye si mnywaji, ila porto anaipenda, kidogo, kwenye glasi ndogo."

Yangekuwa masikio ya kawaida yangesikia. Mama yake mwenyewe, kila Jumapili mashine ikishafunikwa, alijimiminia porto kwenye glasi ndogo na kuinyonya taratibu akitazama dirishani. Lakini masikio yake yalikuwa yamejaa sinia la chai.

Akamwongoza hadi rafu ya ndani. Sauti yake ilikuwa ya kazini, laini kama karatasi ya kufungia.

"Zote hizi ni tamu, kwa sababu hutiwa pombe kali kabla sukari ya zabibu haijaisha. Tofauti ni malezi. Hii nyekundu ni changa, ina utamu wa matunda, unafungua unakunywa. Hii ya rangi ya asali iliyoungua imekaa miaka kwenye pipa, ina ladha ya karanga. Ukiifungua inavumilia kabatini, mtu anaonja kidogo kidogo."

"Na zile zilizolazwa kule chini?"

"Zile ni za mavuno ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri. Hazizeekei kwenye pipa, zinazeekea ndani ya chupa. Ni za watu wenye subira."

"Dada, tuseme ni wewe unayechumbiwa," kijana alisema, akijitahidi asicheke. "Ungependa mama yako aletewe ipi?"

Hapo alitaka kumpiga na chupa. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na porto moja yenye lebo ya dhahabu na utepe, mbovu kiasi kwamba hata bosi aliona aibu kuiuza. Mkono wake uliinuka kuelekea huko. Mama wa mlimani aonje hiyo, amfukuze, na sinia lake lifuate nyuma. Mkono ukakaa hewani. Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiuza, na kwamba hajawahi kumpa mtu chupa mbaya akijua. Akachuchumaa, akavuta chupa nyeusi ya zamani kutoka chini, yenye vumbi mabegani na tone moja la chokaa nyeupe ubavuni.

"Hii," alisema. "Mama akiijua porto, hii ataielewa."

Kila mara alipouza chupa ya namna ile, alieleza habari za tone. Chupa ikilazwa miaka mingi, mashapo hutulia upande wa chini. Tone jeupe huwekwa upande wa juu, ili anayeibeba aendelee kuilaza vile vile na mashapo yasivurugike, na siku moja kabla ya kunywa isimamishwe, kisha imiminwe taratibu kupitia kitambaa safi. Maelezo hayo yote aliyajua kama jina lake. Lakini leo aliyameza. Akaifunga chupa kwa gazeti, akaisukuma mbele, akasema, "Kila la heri," akaenda stoo kuhesabu maboksi ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Kijana alitoka amefurahi. Alidhani mchezo haujawahi kuchezwa vizuri vile.

Jioni simu yake iliita, binti hakupokea. Ikaita tena akiwa amejifunika shuka. Mama akauliza kutoka mashineni, "Nani huyo anayesumbua?" Akajibu, "Mteja."

Jumamosi baada ya saa sita, ikaita simu ya dukani. Bosi alisikiliza, akakunja uso, akamnyooshea. "Mteja wa ile chupa ya jana. Anasema ina matatizo. Maliza naye."

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Duka la vinywaji. Nikusaidie nini?"

"Dada, samahani," kijana alinong'ona. "Ile chupa ilikuwa na tone jeupe. Nimelifuta."

"Umelifuta?"

"Kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Likatoka safi. Sasa nimeiinua kwenye mwanga, naona ndani kuna matope yanatembea. Nimeharibu nini?"

Hasira za tangu jana zilikaa kando, kazi ikaingia mbele. "Kwa nini uliifuta alama? Nani alikutuma?"

"Wewe ungenitaka niende kwa mama huyu na tone jingine jeupe? Baada ya lile la kwanza?"

Binti akaegemea kaunta. Watu walikuwa wakipita na chupa zao, kengele ya mlango ikilia, naye hakusikia kitu.

"Huyo mama," alisema, "anafanya kazi gani?"

"Kizibo, una homa? Anashona. Amevaa kanga ya kijani. Nimejificha chini ya ngazi zenu, na nadhani ameshaniona kutoka dirishani. Niambie cha kufanya, mchezo tuuache."

"Na binti mrefu wa mlimani?"

"Binti gani? Yule mwenye meno ya bandia anayeniletea chai? Ana wajukuu."

Binti akacheka, na macho yakamjaa maji kwa wakati mmoja, akageukia rafu ili bosi asione. "Sikiliza. Isimamishe. Usiitikise hata kidogo. Leo hainyweki, inatakiwa itulie mpaka kesho. Mwambie mama ukweli wote, usiupambe. Ukimdanganya umekwisha."

"Kwani sasa sijaisha?"

Alipoweka simu chini, bosi alikuwa akivuta suspenda zake. "Chupa ya namna ile ikipata matatizo," alisema akitazama dari, "muuzaji humfuata mteja nyumbani. Ndivyo tunavyofanya hapa. Ila mwambie yule mteja wa maji ya upande wa kushoto kwamba mimi si kipofu."

Alikimbia. Alipofika uani, mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Kijana alisimama kizingitini, shati jeupe limemganda mgongoni. Chupa ilikuwa imesimama wima juu ya meza ya kukatia vitambaa, na mama, mikono kiunoni, alikuwa akiizunguka kama anayepima mteja mgumu.

"Umekuja wakati mzuri," mama alimwambia binti bila kugeuka. "Huyu ameniletea zawadi, halafu ananiambia nisiiguse. Nikamuuliza kwa nini. Anasema chupa ilikuwa na tone jeupe, na yeye akalifuta kwa kuniogopa mimi."

"Ni kweli, mama," binti alisema. "Kosa ni langu pia. Mimi ndiye niliyeiuza, sikumweleza."

"Nyamaza kwanza." Mama akamgeukia kijana. "Unapanda ukuta wa ghorofa nne kwa ngazi ya mbao, unaniogopa mimi?"

"Ngazi ninaishika, mama. Wewe sijajua pa kukushika."

Mama alijaribu kukaza uso. Mdomo ulimkatalia. Kicheko kilianzia puani, kikashuka kifuani, akalazimika kukaa kwenye kiti cha mashine. Alipomaliza kujipangusa macho kwa upindo wa kanga, aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Umekuja kufanya nini hapa, zaidi ya kuleta matope?"

Kijana alimtazama binti, kisha akamtazama mama. "Nimekuja kuomba nije na wazee wangu. Kama binti mwenyewe anakubali."

"Binti mwenyewe?" mama aliuliza.

"Anakubali," binti alisema. "Ila jana nusura nimpige nayo."

Mama akafungua droo, akachagua kipande cha pamba nyepesi, akakinyoosha kwenye mwanga kuangalia kama kina tundu, akakiweka kando ya chupa. "Ya kumiminia kesho. Utakuja wewe mwenyewe uimimine."

"Jirani," sauti ilishuka kutoka barazani juu, "nimesikia wazee watakuja. Au nimesikia vibaya?"

"Lini ulisikia vizuri wewe?" mama alijibu, akitoa kichwa dirishani. Lilikuwa neno lao la kwanza tangu siku ya gauni. "Shuka. Na ulete kiti, hapa havitoshi."

Mara mama alikuwa akipakua jikoni, vifuniko vikigongana, harufu ya kitunguu ikiujaza mlango. Kijana bado alisimama kizingitini, asijue kama amefukuzwa au amepokelewa.

"Wewe unangoja nini hapo?" mama alimuuliza, mwiko mkononi. "Sabuni ile pale. Sugua hizo kucha mpaka nizione zina rangi yake. Halafu ingia ule, mwanangu, chakula kinapoa."