Pont Gani?

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Mvua ilikuwa imenyesha Bunia usiku kucha, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya mtaa wa Rwambuzi. Baba yake Jemima, dereva Léon, alikuwa nje akikaza turubai juu ya lori lake. Lilijaa saruji ya kupeleka Nizi.

Simu ya mama ililia mezani. Jemima, msichana wa miaka kumi na miwili, akaipokea. Alikuwa Papa Abdoul, dereva mwenzake baba, aliyekuwa akirudi kutoka Nizi.

"Jemima? Ambia papa yako pont imepasuka! Asi..." Simu ikakatika.

Jemima alikuwa na haraka, rafiki yake Plamedie alimngoja mlangoni na kamba ya kuruka. Tena, pont aliijua. Juzi tu baba alilala chini ya lori akitengeneza pont, kile chuma kikubwa kinachozungusha magurudumu ya nyuma.

"Papa, Papa Abdoul anasema pont yake imepasuka!" alisema huku akikimbia.

Baba alicheka. "Ile gari yake ya zamani! Auze vyuma, anunue mbuzi." Akatazama ramani kwenye simu yake. Mstari wa buluu ulipita njia fupi, juu ya daraja. "Njia iko muzuri," alisema. Akaomba sala fupi, akaondoka.

Baadaye lori jingine lilinguruma nje ya ua. Papa Abdoul akaruka chini.

"Léon iko wapi?"

"Amekwenda," alisema mama yake Jemima, Mama Élise, kwa mshangao. "Lakini pont yako si imepasuka?"

"Pont yangu? Mama Jemima, pont ya muto! Mbao za daraja zimepasuka. Mimi nimezunguka njia ndefu. Nilimwambia mutoto!"

Kumbe neno hilo moja la Kifaransa ni chuma cha lori, tena ni daraja. Wote wakamgeukia Jemima. Angeweza kusema kwamba simu ilisikika vibaya, na nani angejua?

"Alisema pont tu," alijibu kwa sauti ndogo. "Neno 'yake' niliongeza mimi."

Mama hakumgombeza. Alimpigia baba mara kadhaa, lakini simu haikupatikana. Akamwita jirani yao Fabien, mwendesha pikipiki. "Jemima, panda! Weye utasema mwenyewe."

Pikipiki iliteleza kwenye matope. Mama aliomba kwa sauti njia nzima. Jemima alikuwa na maneno matatu tu: "Mungu, mushike papa."

Waliposhuka kilima, waliona lori la baba, lililocheleweshwa na matope, mdomoni mwa daraja. Kibao cha kuonyesha uzito unaoruhusiwa kilikuwa kimesombwa na mvua, umebaki mti wake tu. Nyuma, madereva wengine walipiga honi.

"Pita, muzee! Unaogopa kuoga?"

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kukanyaga mbao. Jemima aliruka, akakimbia hadi kwenye dirisha la baba.

"Papa, simama! Ni daraja! Pont ni daraja, imepasuka!"

Baba akakanyaga breki. Chini yake ubao ulilia, kipande kikakatika na kuanguka mtoni. Honi zikanyamaza. Simu tu ndiyo iliendelea kusema ndani ya lori: "Continuez tout droit." Endelea moja kwa moja.

"Rudi, Léon! Polepole! Kata kushoto!" madereva wakaelekeza, wale wale waliopiga honi. Lori likarudi kidogo kidogo, mpaka magurudumu yote yakakanyaga udongo.

Baba alishuka. Jemima alimweleza yote, hata lile neno moja, akilia.

"Ujumbe wa mutu ni muzigo, sawa na saruji yangu," baba alisema. "Unaufikisha jinsi ulivyofungwa. Huongezi, hupunguzi. Ungeficha kosa lako kule nyumbani, saa hii ningekuwa ndani ya maji. Ukweli wako umenirudisha." Akaitazama simu yake. "Na mimi pia nimekosa. Hii haijui uzito wa gari, haijui mvua. Nilipaswa kushuka, nitazame mbao kwa macho yangu."

Madereva walikuwa wamewazunguka. Jemima akafuta machozi, akainua mkono wa kuume.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote," alisema kwa sauti, "nikipewa ujumbe nisiouelewa, sitakisia tena. Nitauliza: pont gani?"