Chumba Kisichopitisha Sauti

Mteja wa kwanza kuisikia alikuwa mwimbaji wa harusi, mama mnene mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kelele, na siku hiyo hakucheka. Alikuwa amevaa spika za masikioni, akisikiliza wimbo aliotoka kuuimba, mara akainua kidole.

"Fundi, hebu rudisha nyuma kidogo. Pale kabla sijaanza ubeti wa pili."

Fundi akarudisha.

"Nani huyo kavuta pumzi?"

"Si wewe?"

"Nimeimba miaka ishirini, pumzi yangu naijua. Hiyo si yangu." Akavua spika, akaziweka mezani polepole. "Tena imevutwa nyuma ya kisogo changu."

Fundi akamwambia ataisafisha, ni kitu kidogo. Alisema hivyo akimtazama usoni, bila kupepesa, kwa sababu pumzi ile alikuwa akiijua.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha kulala wageni. Fundi alikigeuza studio kwa mikono yake: magodoro mawili ukutani, mablanketi mazito darini, na raba ya mlango wa gari bovu aliyoibandika kuzunguka fremu, hata ukifunga mlango unahisi masikio yameziba. Vijana waliokuja kuomba ushauri wakitaja trei za mayai za kubandika ukutani aliwacheka. "Trei ni za mayai," aliwaambia, "sauti inataka kitu kizito." Maiki aliiweka shibiri moja na vidole vinne kutoka mdomoni mwa mwimbaji, na mbele yake aliwamba soksi ndefu ya mkewe juu ya waya, ili pumzi kali zisiipige. Ndiyo maana sauti zilizotoka kwake zilikuwa safi kama za studio kubwa, na watu walivuka mitaa mitatu kumfuata.

Kabla ya kurekodi friji ilizimwa, feni ikazimwa, na kitambaa chekundu kikafungwa kwenye kitasa kwa nje. Kitambaa kikiwepo, hakuna kubisha hodi. "Hata nyumba ikiungua," mkewe alizoea kuwatania wageni, "subirini kiitikio kiishe." Na kwa kuwa jirani yao alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, saa ya kurekodi ilikuwa moja tu, saa saba mchana, mafundi wanapokwenda kula, jua liko utosini na mtaa umenyamaza. Watu wazima wana maneno yao kuhusu saa hiyo na viumbe wanaotembea ndani yake. Fundi alikuwa na kazi, hakuwa na nafasi ya maneno ya watu wazima.

Saa hiyohiyo, miezi mitano nyuma, mkewe alishikwa na shtuko la moyo akiwa kwenye kochi la sebuleni, hatua kumi na moja kutoka mlango ule. Fundi alikuwa ndani na mwimbaji, wakirudia ubeti mmoja kwa dakika arobaini kwa sababu ulikuwa unakaribia kuwa mzuri. Alipotoka anatabasamu, mkewe alikuwa ameinamia upande, na binti yao amekaa sakafuni amemshika mguu. Hospitalini muuguzi alisema kwa upole, bila kujua anapigilia msumari, "Mngemleta nusu saa mapema, tungemuwahi."

Tangu siku hiyo Fundi alibaki na swali moja. Aliniita? Alikula nalo, akaoga nalo, akaamka nalo. Binti yake alikuwepo siku ile, lakini mtoto wa miaka minane humuulizi jambo kama hilo, alijiambia. Ukweli ni kwamba aliogopa jibu. Basi akaenda kuiuliza kompyuta, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo fundi wa sauti peke yake ndiye angeweza kulikosea.

Alifungua kazi ya siku ile ya msiba. Akakata maneno yote ya mwimbaji, akabakiza mapengo tu, yale ya katikati ya mstari na mstari, akayaunga pamoja. Akapata dakika sita za ukimya. Kisha akaupandisha sauti ukimya ule, akitafuta kama mwito wa mkewe ulipenya magodoro na raba ukaiangukia maiki. Siku ya kwanza alisikia mvumo wa umeme wa kwenye nyaya. Akapandisha tena. Akapandisha kila siku saa saba, kwa wiki mbili, huku nywele zikimsimama bila sababu, na siku ya kumi na tano akasikia mtu anavuta pumzi.

Wiki iliyofuata mtu huyo akasema, "Baba Kasuku."

Fundi alilaza kichwa mezani akalia. Kasuku lilikuwa jina la utani la binti yao, kwa jinsi alivyokuwa akisema tangu anaamka hadi anasinzia na kijiko mdomoni, na aliyemwita Fundi "Baba Kasuku" duniani alikuwa mmoja.

Baada ya hapo akaanza kuwakataa wateja. Saa saba ikifika anajifungia na kuwasha spika, na sauti ilikuwa ikija karibu zaidi, kwanza kwenye mapengo ya siku ile, halafu kwenye pengo lolote la kazi yoyote, hata ya Mama Kelele. Ilikuja na harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya maji yaliyolala chomboni siku nyingi.

"Baba Kasuku. Niliita. Mbona hukuja?"

"Nisamehe," alinong'ona Fundi.

"Niliita mara tatu."

Ilimuuma mno, na bado alirudi kesho yake. Afadhali kulaumiwa na mkewe kuliko kutosikia neno lake tena.

Mambo ya nje ya chumba hakuyaona, au aliyaona nusu. Aliona kwamba Kasuku amepata sauti ya mikwaruzo. Akampa asali, mikwaruzo ikazidi. Zahanati wakamchungulia koo kwa tochi wakasema ni zima kabisa. Mtoto akawa ananong'ona. Kisha siku moja asubuhi akafungua mdomo kumwamsha baba yake na hakikutoka kitu, akamvuta mkono wa shati.

Siku hiyohiyo akaja mganga. Hakuitwa, alikuja kwa shughuli zake, kurekodi tangazo la kupigwa kwenye gari la spika mtaani. Alikuwa bwana mmoja mfupi mwenye simu tatu na sauti kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Hata Fundi, ambaye hakuwa na moyo wa mzaha siku hizo, alijiuliza nani atakwenda kuponywa na sauti ile.

Mganga alifika kizingitini mwa studio akasimama. Akarudisha mguu nyuma. Akazima simu zote tatu, moja baada ya nyingine.

"Fundi, humu unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Usinidanganye, mimi ndiye mwenye kazi ya kudanganya watu." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Tangazo mimi naandika kuvutia wateja, nusu yake chumvi. Lakini hili nalijua. Anakuita?"

Fundi akajibu kwa sauti ndogo, "Ni mke wangu."

"Marehemu haombi ruhusa kwa kompyuta. Huyo ni jini, na jini wa namna hii hana sauti yake mwenyewe, huazima." Mganga akatazama sebuleni, alipokuwa amekaa Kasuku na daftari lake la shule. "Nani humu ndani amepungukiwa na sauti?"

Kuna mambo mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Fundi aliingia chumbani, akawasha kompyuta, akauchukua ule mwito wa mwisho aliourekodi jana yake na kufanya jambo ambalo kwa masikio yake ya kazi angelifanya tangu siku ya kwanza kama asingekuwa anapenda alichokisikia, yaani akauongeza mwendo, kidogo, kidogo tena, sauti nzito ya mwanamke mtu mzima ikapanda na kuwa nyembamba, ikapoteza uzee wake, ikapoteza huzuni yake, mpaka ndani ya spika, waziwazi, akamsikia binti yake mwenyewe anasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Akatoka nje mbio akatapika kwenye mfereji.

"Nitoe mashine? Nivunje?" aliuliza akijifuta.

"Mashine haina kosa. Huyu hakuingia mlangoni, alikuta una swali unalipigia kelele kila siku saa yake ya kutembea, akaja kukaa humo. Swali gani?"

"Kama aliniita. Siku ile."

"Basi lijibiwe. Likijibiwa hana pa kukaa. Nani alikuwepo?"

Fundi akapiga magoti mbele ya binti yake. "Mwanangu," alisema, "siku ile ya mama. Mama aliniita?"

Kasuku akafungua daftari, nyuma kabisa, ambako watoto huchora, akaandika polepole kwa herufi kubwa. *Hakukuita. Mimi nilitaka kubisha. Mama akanikataza. Alisema kitambaa kipo, baba anakaribia kumaliza, ataumia akirudia tena. Alisema atapumzika kidogo.*

Fundi alisoma. Akasoma tena. Miezi mitano alikuwa amejiandaa kusikia kwamba aliitwa na hakusikia, na kwa hilo alikuwa ameshatenga mahali moyoni. Kwa hili hakuwa na mahali. Mkewe alikuwa anakufa na alikuwa anamtunzia kazi.

Saa saba ilipofika, mafundi wa jirani wakatua vyuma vyao na mtaa ukanyamaza. Mganga alibaki sebuleni na mtoto, akisoma visomo vyake chini chini. "Mlango uache wazi," alikuwa amesema, "na akikuita usiitike. Mwambie ukweli basi."

Fundi akawasha spika. Harufu ya mafuta ya nywele ikaja kwanza.

"Baba Kasuku."

Hakuitika.

"Baba Kasuku, nimeita, mbona huji, nimeita na kifua kinabana, nimeita na mkono hauinuki," ikasema sauti, na ilikuwa ya mkewe kabisa, pamoja na ule mkoromo mdogo wa asubuhi kabla hajanywa chai, na Fundi akaona magodoro ukutani yanavimba na kunywea, yanavimba na kunywea, na soksi iliyowambwa mbele ya maiki inasukumwa kutoka upande wa pili, taratibu, na kitu chenye umbo la mdomo unaofunguka, na ile harufu ya maji yaliyolala ikajaa puani mpaka kooni, na sauti ikahama spika ikaja sikioni mwake, baridi, ikamwambia kwamba akifunga mlango tu, akiufunga sasa hivi, atamsikia kila siku mpaka siku atakayokufa, na hatakuwa peke yake tena, na mkono wake, Mungu amsamehe, ukainuka kuelekea mlangoni.

Ukabaki hapo hewani.

"Hakuniita," alisema Fundi.

Magodoro yakaacha kuvimba.

"Mke wangu hakuniita. Aliumwa na akanyamaza, kwa ajili yangu. Wewe si yeye. Yeye alinyamaza." Alikuwa analia sasa, makamasi na machozi pamoja, na alisema kwa nguvu kama mtu anayetaka kusikika nje. "Sina swali tena. Toka."

Kilichotoka spikani hakikuwa sauti ya mke wala ya mtoto. Kilikuwa pumzi moja ndefu, inayotolewa, isiyokwisha, iliyompita Fundi shingoni na kuuelekea mlango wazi. Vikombe vililia kabatini. Mganga aliacha kusoma akajishika kifua. Kisha jirani akawasha mashine yake ya kuchomelea, vyuma vikaanza kulia, na ilikuwa ni mchana wa kawaida.

Kasuku akakohoa. Akakohoa tena, akameza mate, akashika koo kwa vidole.

"Baba."

Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake. Fundi alimfuata pale alipo, akakaa sakafuni karibu naye, na mganga, ambaye hakuwa mjinga, akatoka nje kuwasha simu zake.

Mtoto alikaa akivuta uzi wa zulia. Alikuwa na jambo, na lilionekana limekaa naye siku nyingi, miezi mitano pengine.

"Baba, kama ningebisha, hata baada ya mama kunikataza. Ningebisha kwa nguvu. Ungesikia?"

Fundi akaugeukia mlango alioutengeneza mwenyewe, na raba yake, na unene wake. Angeweza kusema lolote. Alijua pia kwamba jibu lolote atakalotoa, mmoja wao atalibeba maisha yake yote.

"Nisingesikia," alisema. "Hata ungepiga kwa nyundo. Baba alikiziba chumba vibaya mno. Si wewe, mwanangu. Ni mimi."

Kasuku akamtazama kuhakikisha. Halafu uso wake ukakunjamana, akamwangukia kifuani akaanza kulia kwa sauti, kilio chote cha msiba ambacho hakuwahi kukilia, na Fundi akamshika na kumwacha alie kadiri anavyotaka.