Kaboni Mwenye Mikono Minne

Fundi cherehani alifanyia kazi sebuleni kwake. Mkewe alikata vitambaa, yeye akashona, kisha akapiga pasi ya mkaa. Waliishi kwa utani na vicheko, mpaka mke alipoanza masomo ya jioni ya watu wazima.

Sasa kila mlo ulikuja na mwalimu. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Naye alikuwa jirani yao, ng'ambo ya ua. Kijana mtanashati, mwenye kicheko kinachoingia dirishani bila hodi. Wivu ulimchoma Fundi rohoni.

Siku moja alimsikia mkewe akijisomea: "Kaboni ana mikono minne. Anashikana na wawili."

"Nani huyo anayeshikana na watu?" Fundi akafoka.

Mke alicheka mpaka machozi. "Ni chembe, baba watoto! Ndogo mno, haionekani kwa macho." Akamwonyesha vibonge vya unga uliokandwa, vimeunganishwa kwa njiti.

"Na aliyekufundisha ni yeye?"

"Sasa angenifundisha nani?"

Kesho yake mvua ilinyesha. Fundi akaliingiza ndani jiko la makaa ya pasi, akafunga mlango na dirisha la uani.

"Leo tuone watachunguliana vipi," akajisemea.

Haikupita muda, kichwa kikaanza kumgonga. Mkewe akashika ukuta. "Nasikia kichefuchefu. Miguu haina nguvu." Akaanguka.

Wivu wote ukamtoka Fundi. Akausukuma mlango, akamburuta mkewe hadi barazani. "Jirani! Tusaidie!"

Aliyekuja mbio ni mwalimu. Aliita gari, wakaenda zahanati. Huko wote wawili wakapewa oksijeni. Jioni walikuwa na nafuu.

"Tumekula nini?" Fundi akauliza.

"Hamkula kitu, kaka," mwalimu akajibu. "Mmevuta sumu ya mkaa."

Mwalimu aliwasindikiza nyumbani, na huko mke alivitoa vibonge vyake. "Tazama. Cheusi ni kaboni, iliyo ndani ya mkaa. Vyekundu ni oksijeni ya hewani. Hewa ikitosha, kaboni moja hushikana na oksijeni mbili." Akang'oa chekundu kimoja. "Hewa ikipungua, inapata moja tu. Hii ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, inakalia nafasi ya oksijeni."

"Kibonge kimoja tu kilichopungua ndicho kilichotaka kutuua?"

"Hicho hicho," mwalimu akasema. "Mikono na vibonge ni mfano, lakini sumu ni ya kweli. Kwa nini ulifunga dirisha?"

"Kwa ajili yako," Fundi akajibu.

"Mimi? Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Basi tu." Mkewe akageuka ukutani kuficha kicheko.

Tangu hapo jiko na pasi vikahamia uani, kwenye upenu ulio wazi pande zote. Kichwa hakikuuma tena. Fundi naye akajiandikisha masomoni, akaketi katikati ya mkewe na mwalimu. Wivu hautoki kwa siku moja.

Wiki ile walitengeneza umbo la chembe ya maji: oksijeni moja, haidrojeni mbili. Vidole vya Fundi vilivyozoea sindano vikamaliza mapema. La mkewe lilinyooka kama rula. Lake lilipinda katikati.

Mwalimu akaliinua la Fundi ili darasa zima lilione. "Hivi ndivyo! Maji yamepinda."

Watu wakapiga makofi. Mke hakupiga.

"Umebahatisha," akamwambia mumewe, akanuna mpaka wakafika nyumbani.