Sauti ya Kumi Nyamyumba

Waliokaa walikuwa tisa, lakini walioitikia walikuwa kumi.

Illuminée alilisikia jambo hilo akalipuuza. Yeye ndiye aliyeongoza kundi la watu wanaoumwa ugonjwa usio na jina, waliokutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha parokia huko Nyamyumba, kando ya ziwa, karibu na chemchemi za maji ya moto. Desturi yao ilikuwa moja. Wote hufumba macho, ili anayesema asitazamwe. Mmoja hutaja anapoumwa, Illuminée huanzisha, na wengine hufuata: "Tunakuamini." Hapaulizwi swali. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuchekwa na daktari, na hakuna aliyetaka kuchekwa tena.

Kundi hilo alilianzisha kwa ajili ya mdogo wake, Gwiza. Huu ulikuwa mwaka wa tatu mkono wa kushoto wa Gwiza unawaka moto, na kila kipimo kilitoka safi. Alipoambiwa kwa mara ya tatu kwamba anaigiza, aliacha kula. Akakauka, akabaki macho tu. Neno lile moja la Jumamosi ndilo lililomrudisha mezani, na Illuminée aliapa kwamba yeye hatamwambia kinyume chake maisha yake yote.

Siku hiyo Gwiza alipomaliza kusema, harufu ya kutu na samaki aliyeungua ilipanda kutoka sakafuni. Kisha ikaja sauti nzito, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Mi pia naumwa."

Walidhani ni mgeni aliyeingia kimyakimya. Macho yalikuwa yamefumbwa. "Tunakuamini."

"Naumwa kwa kuwa sina pa kukaa."

"Tunakuamini."

"Nyumba yangu iko mukono wa huyu binti."

Midomo ilikwisha kuzoea. Wakaitikia.

Gwiza akapiga yowe. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, ukamkamata Wellars, mvuvi aliyeketi jirani, ukambamiza uso ukutani mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi meno yake yakatapakaa sakafuni, kisha ukamwachia na kugeukia shingo ya Gwiza mwenyewe, vidole vikazama nyamani, na chini ya ngozi kitu kikubwa kama panya kikawa kinapanda kutoka kiganjani hadi kiwikoni, kutoka kiwikoni hadi begani, huku watu wakikanyagana mlangoni na mlango haufunguki, na damu ikimchuruzika Gwiza kifuani, na miguu yake ikipiga sakafu, ikipiga, ikipiga, kila pigo dhaifu kuliko lililotangulia.

Mama Mukakalisa, mwuza samaki, alimshika Illuminée bega. Alinong'ona, meno yakigongana.

"Tulimupa ruhusa sisi wenyewe. We ndiye ulianzisha. Umunyime."

Illuminée alielewa. Kukinyima kile kitu maana yake ni kulitamka lile neno aliloapa kutolisema kamwe, na Gwiza anasikia.

Vidole vikalegea kidogo, kiasi cha kupitisha sauti tu. Na sauti ilikuwa ya Gwiza kabisa.

"Dada, naumwa. Unaniamini?"

Nani aliyeuliza? Illuminée hakujua, na hajui mpaka leo. Alimwona mdogo wake midomo imekuwa ya buluu.

"Sikuamini," alisema. "Hauna ugonjwa. Hakuna kitu mu huo mukono."

Mfupa ulikatika kwa mlio wa kuni kavu. Ngozi ikapasuka kuanzia begani hadi kiganjani, mvuke mweusi ukafoka, ukamwunguza Mama Mukakalisa shavu, ukavunja vioo vya dirisha na kuelekea ziwani ukilia kama mbwa aliyepigwa.

Hospitalini, daktari kijana aliiinua picha ya mkono kwenye mwanga, karibu afurahi. Alisema safari hii kitu kinaonekana wazi, mfupa umevunjika mahali pawili. Aliandika, akapiga muhuri, akatoka.

Gwiza alilala akitazama dari, mkono wote wa kushoto umefungwa plasta.

"Kuvunjika, bon, sawa, itapona," alisema taratibu. "Lakini ule moto wangu wa zamani bado iko."

Illuminée akainama, akafungua kinywa amjibu. Gwiza akamwekea kiganja cha kulia midomoni, bila hasira.

"Wacha, dada. Ulishasema."