Kabati la Vioo la Fundi Wendelini

Ndugu zangu wenye watoto, na nyinyi mnaolea watoto wa wenzenu, nipeni nafasi kidogo niwaeleze yaliyotokea mtaani Mshangano, nyumbani kwa fundi seremala Wendelini. Nayaeleza kwa upendo, kwa sababu katika habari hii hakuna mtu mbaya. Fundi Wendelini si mlevi, hana mkono mwepesi kwa watoto, na kanisani hakosi. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyependa kitu mpaka akakifungia.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imepumzika, na mahindi ya nyuma ya nyumba yalikuwa yamefika mabegani. Wendelini na mkewe Notburga walikuwa barazani wakinywa chai. Binti yao Beata, wa darasa la sita, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka akitengeneza nyumba ya kuku kwa maranda aliyookota kwenye karakana ya baba yake.

"Baba, nilisahau," alisema akiinuka. "Mwalimu Rosemary ametupa karatasi ya wazazi."

Ilikuwa orodha ya vitabu kumi vya hadithi vilivyopendekezwa kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba. Mwalimu aliandika kwamba kila mzazi ajitahidi kupata hata kimoja, mtoto awe na cha kusoma nyumbani.

Wendelini aliisoma mara mbili. Alikulia kijiji cha jirani na monasteri ya Hanga, na siku moja akiwa mdogo alimwona mtawa mzee akinawa mikono na kuikausha vizuri kabla ya kufunua kitabu kikubwa. Alikua na picha hiyo. Kwake yeye kitabu kilikuwa kitu cha kuendewa kwa usafi, kama mtu anavyokwenda kukomunika kanisani.

"Hata kimoja?" alisema. "Mwanangu atapata vyote kumi."

Akampigia simu binti yake wa kwanza, Walburga, ambaye ni muuguzi Njombe, avinunue huko. Haukupita mwezi, vitabu vikashuka kwenye basi ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Beata alivitoa kimoja kimoja akivinusa. *Kobe wa Matogoro. Bibi Aliyefuga Nyuki. Kengele Iliyokataa Kulia.* Vingine saba vikafuata, kila kimoja na jalada la rangi yake.

Wiki hiyo Wendelini alisimamisha kazi ya kitanda cha mteja, akachukua mbao za mninga alizokuwa anazitunza, akatengeneza kabati. Alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, akaliwekea milango ya vioo na kufuli. Vitabu vikapangwa kwa urefu wao. Ufunguo akaufunga kwenye kamba ileile aliyovalia msalaba shingoni. Karatasi ya Mwalimu Rosemary akaitengenezea fremu, akaitundika sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Majirani walikuja kutazama. Mama Pamela, mpika maandazi wa mtaa ule, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Fundi, hili ni kabati au tabenakulo la altareni?"

"Wewe cheka tu," alisema Wendelini. "Hapa haingii vumbi."

"Naona. Hata mtoto haingii."

Walicheka wote, na Wendelini naye alicheka. Msomaji, laiti angelisikia lile neno badala ya kulicheka.

Utaratibu ulikuwa huu. Jumapili baada ya misa Beata ananawa kwa sabuni hadi viwiko, anakaa mezani mgongo umenyooka, na baba yake anafungua kufuli na kumpa kitabu kimoja. Kisha anakaa mbele yake. Alichotazama Wendelini hakikuwa usomaji wa mtoto. Alitazama vidole. Kidole kikiburuzwa chini ya mstari, anakohoa kidogo. Ukurasa ukikunjwa, anafumba macho.

Jumapili ya tatu Beata alikuwa ametoka kunywa uji, na tone moja likadondoka kutoka mkono wa gauni lake juu ya ukurasa. Wendelini hakumkaripia. Alilifuta kwa leso, akapuliza, akashusha pumzi kama fundi aliyeona ubao wake umepasuka.

"Tusubiri kidogo, mwanangu," alisema kwa upole. "Ukue kwanza."

Kufuli likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka muhula ulipokaribia kwisha.

Beata hakulia. Alizoea kusimama mbele ya kabati akitoka shule, mikono nyuma, akitazama majalada kupitia kioo. Notburga alimwona siku nyingi, na siku moja alishindwa kunyamaza.

"Baba Walburga, huyu mtoto anavitazama vitabu kama mgonjwa wa presha anavyotazama chumvi."

"Vitamsubiri. Kitabu hakiozi."

"Kitabu hakiozi. Na mtoto?"

Wendelini alichukua kofia yake akaenda karakana.

Mwezi wa sita, kabla ya kufunga shule, Mwalimu Rosemary aliandaa siku ya kusoma. Kila mtoto wa darasa la sita angesoma ukurasa mmoja wa kitabu cha kwenye orodha mbele ya wazazi. Wendelini alifurahi kuliko wote. Alifungua kabati, akakifunga *Kobe wa Matogoro* kwa kitambaa cheupe, akakibeba mwenyewe mpaka shuleni.

Aliyeanza ni Pamela, binti wa mpika maandazi. Mama yake alikuwa amepata kitabu kimoja tu, tena kilichotumika. Jalada lilishonwa kwa uzi wa gunia na kurasa zilikuwa na madoa ya mafuta, kwa sababu kitabu kilikaa jikoni na Pamela alikisoma akigeuza maandazi. Lakini alisoma huyo! Bibi mfuga nyuki alipofukuzwa na nyuki wake mwenyewe, Pamela alipandisha sauti, akashusha, akanyamaza pale pa kunyamaza, na wazazi wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Wendelini alimwinamia mkewe. "Kitabu kimechakaa vile, kweli ni cha kuleta mbele za watu?"

"Sikiliza, baba," alisema Notburga.

Zamu ya Beata ikafika. Alifungua kitambaa, akafungua kitabu. Kurasa zilikuwa ngumu, zinajirudi zenyewe.

"Ko... Kobe mmoja ali... aliku..." Akaweka kidole chini ya mstari, akakiondoa haraka, akapotea. Akamtazama baba yake. Akarudi kwenye ukurasa, akaanza upya, akakwama palepale. Mtoto mmoja nyuma akacheka, mwenzake akamfinya. Beata akafunga kitabu, akakikumbatia, akaanza kusimulia kwa mdomo. Alisimulia habari ya kobe aliyebeba chemchemi ya mto Ruvuma mgongoni, akawa anasimama kila kijiji kuwapa watu maji ya kunywa, hadi mgongo wake ukaingia nyufa. Aliisimulia vizuri, na watu walipiga makofi.

Wendelini alipiga makofi kuliko wote. Mwalimu Rosemary alipiga pia, lakini watu walipotawanyika aliwaita yeye na Beata pembeni.

"Beata mpenzi, hiyo hadithi ni nzuri sana. Ila kwenye kitabu haimo."

Beata alitazama viatu vyake. "Nimeitunga, Mwalimu. Niliona picha ya kobe kupitia kioo."

"Na vile vitabu vingine?"

"Vyote nimevitungia hadithi. Vyote kumi."

Mwalimu alimgeukia Wendelini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza fundi. "Fundi, huyu binti ana kipaji. Lakini kusoma, anasoma kama mtoto wa darasa la pili. Mwakani ana mtihani wa kumaliza shule. Swali asiloweza kulisoma atalijibuje? Mimi nilikaa na amani, nikasema huyu vitabu vyote viko kwao."

"Viko, Mwalimu," alijibu Wendelini kwa fahari aliyoizoea. "Havina hata alama."

Akasikia mwenyewe alichokisema.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Wendelini alimuuliza bintiye, "Kwa nini ulikuwa unanitazama mimi, mama?"

"Nilikuwa naangalia kama umekasirika," alisema Beata. "Nilijua nikikichafua tena, hutalifungua kabati mpaka nimalize shule."

Walipofika, Wendelini aliingia karakana, akashika randa yake ili mikono ipate kazi. Randa ile aliirithi kwa baba yake. Mpini wake una shimo dogo pale kidole gumba kinapokaa, shimo lililochimbwa na gumba la baba yake kwa miaka mingi, kisha na lake. Siku alipopewa alikuwa na umri kama wa Beata, na pigo la kwanza tu aliharibu ubao mzima. Baba yake alimpa ubao mwingine.

Wendelini aliiweka randa chini. Kisha akachukua bisibisi, akaenda sebuleni, akaanza kufungua bawaba.

"Unavunja kabati?" aliuliza Notburga.

"Natoa milango."

"Na vioo?"

"Tutaziba dirisha la jikoni."

"Tangu mwaka juzi lina tundu, leo ndiyo umeliona?"

Kabati bila milango likahamia karakana, karibu na benchi la kazi. Tangu siku hiyo, Beata akitoka shule anakaa kwenye gogo na kusoma kwa sauti wakati baba yake anapiga randa. Mwanzoni ilikuwa taabu kwa wote wawili. Beata alikwama kila mstari. Wendelini vidole vya mtoto vilimvuta macho, akawa anajilazimisha kutazama ubao. Pamela akaanza kuja, kisha wenzake, na maandazi yao. Kitabu kimoja kilienda mtaa wa Mjimwema na mtoto mmoja na hakijarudi. Fundi alikosa raha siku mbili, mpaka Notburga alipomwambia, "Kiko Mjimwema, kinasomwa. Kaa utulie."

Beata bado hajamfikia Pamela. Muhula mmoja uliopotea haurudi kwa wiki moja. Lakini aliomba ile orodha itolewe kwenye fremu, na sasa ina alama za penseli kwenye vitabu alivyomaliza, saba kati ya kumi.

Siku alipomaliza *Kobe wa Matogoro* alikunja uso. "Baba, huyu kobe wala hakubeba maji. Wangu ni mzuri zaidi."

"Basi mwandike huyo wako."

Randa ikapita, na unyoya wa maranda ukarukia katikati ya ukurasa. Wendelini aliinama aupulize. Akajizuia, akasimama wima.

"Endelea," alisema. "Nakusikiliza."

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto hanyimwi kitabu kwa chuki peke yake. Wengi wetu tunamnyima kwa upendo, tukiogopa doa na pembe iliyokunjika, tukingoja akue ndipo tumfungulie, na huku kitabu ndicho kingemkuza. Ukiletewa orodha na mwalimu, tafuta hata kimoja, hata kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, umpe mtoto mkononi. Kisha kaa karibu umsikilize anavyosoma, wala usihesabu anavyochafua. Akikichakaza, shukuru, na umtafutie kingine.

Vitabu vya Fundi Wendelini sasa vina madoa ya uji, ya mafuta na ya gundi. Na Beata anasoma.